Mgeni wa Gari-Nyumba la Muhsin

Harufu ya udi ilitoka ndani ya gari wakati mlango umefungwa kwa kufuli, na ufunguo alikuwa nao Audax mwenyewe mfukoni. Alikuwa chini, anatia petroli kwa debe na faneli. Akaacha kumimina, akafunika tangi, akapanda kufungua. Ndani hamkuwa na mtu, wala chetezo, wala majivu. Mlikuwa na kitanda cha Muhsin na mapazia yake ya maua, basi.

Gari lenyewe lilikuwa kichekesho cha Chang'ombe nzima. Muhsin bin Sultan, mwenye duka la nguo, alinunua lori kuukuu lililoachwa na jeshi baada ya vita vya Hitla, akawaita maseremala wamjengee chumba juu yake, ili akienda kusini kununua korosho asilale katika nyumba za watu aliowaita washamba. Kitanda, kabati na jiko la mkaa vilitosha kumfanya ajione gavana. Alimwajiri Audax, mtu wa Bukoba, awe dereva, na mkewe Audax, Kokushubila, awe mpishi wa safarini.

Audax alikuwa na amri zake. Gari likitembea, kabati limefungwa na chumbani hakuna mtu. Kabla ya petroli injini inazimwa, mawe yanawekwa kwenye magurudumu, jiko linamwagiwa maji, na kila mtu anashuka akasimame mbali. Muhsin alizisikiliza huku akijichokonoa meno.

"Nyie watu wa bara mna woga," alisema. "Gari langu, petroli yangu. Utanifundisha wewe?"

"Hapana, bwana," Audax alijibu. Alimdharau tangu asubuhi mpaka jioni, ila kwa adabu, na shikamoo juu. Hakupata kuona mtu mjinga kiasi kile aliyevaa kanzu safi kiasi kile.

Safari iliyofuata, wakiteremka Mtoni, walisikia nyayo nyuma yao, chumbani. Watu wote watatu walikuwa wamekaa mbele. Nyayo zilitoka kitandani zikaenda kabatini, zikarudi, taratibu, nyayo za mtu aliye kwake, na gari lilipopita kwenye mashimo likayumba mpaka Kokushubila akamshika mumewe mkono, zile nyayo hazikuyumba.

"Baba Feli, wasikia?" alinong'ona.

Muhsin alisikia, na badala ya kuogopa akatabasamu. "Huyo ni ruhani, jini wa watu wakubwa. Hawezi kupanda gari la mtu duni." Wiki nzima alikaa barazani kwake akiwahadithia majirani kwamba ana mgeni, na majirani, ambao nao hawakuwa na akili nyingi, walimpa hongera.

Safari ya baada ya hapo, Mbagala ndiko mambo yalikoharibika, alasiri, jua kali. Audax alizima injini, akaweka mawe, akamwacha mkewe chini ya kivuli kando ya barabara. Alikuwa amemimina nusu debe aliposikia udi tena, na safari hii alisikia pia makaa yakitatarika. Akainua macho. Kokushubila alikuwa dirishani mwa chumba, chetezo mkononi, makaa mekundu.

"Mama Feli, shuka," alisema kwa sauti ndogo.

"Nimempandisha mie," alisema Muhsin, aliyesimama kando ya gari. "Mgeni kaniomba ndotoni: gari likinywa, na yeye afukiziwe. Mgeni wangu nimnyime udi?"

Kokushubila, ambaye miaka sita ya pwani haikumtoa lafudhi ya Bukoba, alifungua kinywa na ikatoka sauti ya mzee wa Kiswahili safi. "Mimina, kijana. Sie tumeumbwa kwa moto. Mimina, nirudi kwetu."

Audax alifunika tangi, akasogeza debe mbali.

"Mwoga wewe. Lete hapa," Muhsin alisema, na akalibeba debe mwenyewe, akafunua tangi, akaanza kumwaga bila faneli, petroli ikimtiririka mikononi na kwenye kanzu, huku akimtukana dereva wake na ukoo wake, na Audax, ambaye angeweza kupigana na yule mpumbavu au kumkimbilia mkewe lakini si yote mawili, alirukia mlango, akaukuta umekomewa kwa ndani, akaupiga bega mara tatu mpaka ukavunjika, akamkumbatia Kokushubila aliyekuwa mzito kupita mwili wake, mzito wa watu wawili, akamvuta huku ile sauti ikicheka sikioni mwake, na mlangoni ule uzito ukamtoka mkewe ghafla, chetezo kikamponyoka kikaanguka chini, na wote wawili wakajitupa upande wa pili, mchangani.

Moto ulipanda juu kuliko minazi. Haukuwa na moshi hata kidogo.

Kokushubila alikuwa akilia kwa sauti yake mwenyewe, na Audax alimshukuru Mungu. Kisha Muhsin akatoka ndani ya moto akitembea. Kanzu yake ilikuwa nyeupe. Alimwinamia Audax, akasema, "Pole, ndugu yangu. Nimewasumbua sana." Kwa miaka mitatu ambayo Audax alimtumikia, Muhsin hakuwahi kumpa pole mtu yeyote.

Chang'ombe walimsifu. Walisema moto umemfunza adabu: anaitikia salamu, hatukani, anawapisha wazee njiani. Audax angecheka, kama asingekuwa na hofu. Siku ya tatu alimwambia mkewe afunge mizigo, akaenda peke yake kwa Muhsin kurudisha ufunguo wa chumba alichowapa wakae, na kuaga.

Muhsin aliupokea kwa mikono miwili. Hakumuuliza wanakwenda wapi.

"Nenda salama," alisema kwa upole. "Msalimie mkeo. Mwambie nilipo sasa pananibana, sitakaa sana."