Landrova ya Mnadani

Rafiki yangu Agapiti, seremala wa Lumemo, alinunua Landrova kuukuu mnadani mwaka 1994. Utotoni alipanda ya namna ile kutoka Mahenge, na hakuisahau. Mnadani hawakumruhusu hata kuiwasha.

"Baba Edna, gari hujui limetoka wapi!" mkewe alilalamika.

"Sasa ni langu," akajibu.

Safari ya kwanza alipeleka kabati la mteja kijiji cha Mkula. Jioni, akirudi peke yake, wingu la mvua likatanda hadi barabara ikawa giza. Nyuma yake bodi ikagongwa mara tatu, kama abiria wanavyogonga wakitaka kushuka. Akaongeza mwendo. Ikagongwa tena, kwa nguvu zaidi.

Agapiti akasimamisha gari, akazima injini.

"Gari nimelinunua mimi, na silitupi!" akafoka bila kugeuka. "Anayetaka kushuka ashuke!"

Mlango wa nyuma ukafunguka. Gari likainuka kidogo, likatulia, likainuka tena, kama watu wanashuka mmoja mmoja. Alihesabu saba. Hakusikia hatua yoyote kwenye matope.

Akashika ufunguo aondoke. Hapo ndipo mlango ulipofungwa, na komeo likasukumwa kutoka ndani.