Pete za Mkongo

Jua lilikuwa linazama Mhina aliposhuka korongoni, nyuma ya mashamba ya Kwedizinga, na shoka begani. Alikuwa seremala wa vitanda na milango. Lakini tangu bintiye Yusra, kitinda mimba wa miaka saba, agundulike kuwa na usonji, alikuwa akimchongea vitu vya kutuliza mikono: shanga kubwa za kusogeza kwenye uzi, vibao vyenye mifereji ya kupitisha vidole, pete nene za kutafuna. Mwalimu Yusta wa Korogwe aliziona, akaomba nyingine kwa ajili ya wanafunzi wake.

Gogo la mti wa mkongo lilikuwa limelala pale miaka mingi. Hakuna aliyeligusa.

Mhina aliijua desturi. Mahali kama pale, kabla ya kupiga shoka, mtu humwambia mzimu mwenye mahali anakata nini na anamkatia nani. Lakini kumtaja Yusra kule chini, saa ile, ulimi ulikataa. Akasema kwa sauti ndogo:

"Naomba mti huu. Ni wa watoto wasiosema."

Upepo ukakatika. Kukanuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa sasa hivi...

Alikata haraka, akaondoka bila kugeuka.

Jioni ya tatu mkewe Mwantumu alimletea pete moja karakanani. Upande mmoja ulikuwa na alama za meno mawili madogo, kama punje za mchele. Upande wa pili, hakuna kitu.

"Yusra huyo," alisema Mhina.

"Yusra ana meno juu na chini, baba Yusra. Huyu katafuna kwa nusu ya mdomo. Au ni wewe, ugali wangu haukutoshi?"

Mwantumu alicheka. Mhina aliichukua pete, akaingia nayo ndani kwa mama yake.

Mashavu binti Mdoe alikuwa na miaka themanini na mitano. Hakuwahi kumwita Yusra kwa jina lake, alimwita kigego, mtoto wa mkosi. Aliishika pete ile, akazipapasa alama kwa kidole.

"Ni ya juu haya," alinong'ona.

"Umejuaje, mama?"

"Niliyaona... Ulikuwa na kaka, Mhina. Meno yake yalitangulia juu. Tuliambiwa nyumba yenye kigego huisha watu. Nikampeleka korongoni mwenyewe. Nilikuta wengine."

"Jina lake?"

"Hakupewa."

Akafunua kanga. Kuanzia vidoleni hadi magotini, miguu yake ilikuwa imejaa alama. Mbili, mbili, mbili.

"Ulisema nini ulipokata mti?"

Mhina akamwambia.

"Basi wamedhani ni wao!" Alimkamata mkono. "Umewachongea, wamefuata vitu vyao. Rudi sasa hivi. Watajie Yusra, waambie ni vyake. Wamwendee yeye."

"Yusra ni mwanangu, mama."

"Ni kigego yule. Hajui hata linalomuuma. Mimi ndiye niliyekuzaa."

Mhina aliuchomoa mkono wake. Kisha akatoka.

Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha alipofika korongoni. Palikuwa kimya. Halafu... krr. Krr. Krr. Kitu kilikuwa kikiguguna mti. Kikaitikiwa upande wa pili. Kikaitikiwa nyuma yake.

Ghafla vyote vikanyamaza pamoja.

Walikuwa wanasubiri.

"Nilikosea kutaja," Mhina alisema. "Leo nataja sawasawa. Mashavu binti Mdoe, wa Kwedizinga. Chumba cha kwanza, mkono wa kushoto."

Akarudia, wasije wakapotea.

Alimkuta mama yake mlangoni.

"Umewatajia?"

"Nimewatajia."

"Jina kamili?"

"Kamili, mama."

"Mungu akubariki, mwanangu." Akaingia kulala. Nyuma yake pazia likasogea, chini, usawa wa goti.

Hakufa. Asubuhi miguu yake ilikuwa safi, haina hata alama moja. Lakini kifuani gauni lilikuwa limelowa. Mwantumu alipombadilisha alikuta ni maziwa. Mganga wa zahanati alishangaa, akampa vidonge. Maziwa hayakukoma.

Yusra hakuguswa. Hucheza karakanani kila jioni, ametulia, na Mhina huketi karibu naye akipiga msasa pete za watoto wa Korogwe, za mninga wa kununua, na kila moja akiitaja kwa jina la mtoto atakayepewa.

Ikifika magharibi, sauti ya mama yake huanza upande wa pili wa ukuta.

"Mhina... Wa kwangu alikuwa mmoja. Hawa wengine si wangu. Ni wa wenzangu, na wenzangu wamekufa! Njoo uwaambie, Mhina. Waambie si wangu!"

Siku za kwanza alipiga msasa kwa nguvu, asisikie.

Siku hizi huuweka chini, asikie vizuri.