Mbuzi wa Maziwa na Dawa ya Mahindi

Asubuhi Zipporah alipokwenda kukamua mbuzi, alikuta mumewe Kaingu keshamfunga mbuzi kamba shingoni.

"Wampeleka wapi?"

"Sokoni Garsen. Nambadilisha na dawa ya mahindi, dumu zima."

Zipporah akashika kiuno. Mbuzi wa maziwa alikuwa huyo mmoja tu, na mtoto wao Dzombo alikuwa ameachishwa ziwa juzijuzi.

"Baba Dzombo, mtoto atakunywa hiyo dawa?"

"Mama Dzombo, huna macho? Kule mtoni nilikotia ile chupa ya kwanza, mahindi yananipita urefu. Huku juu nisikotia, yamekuwa manjano kama yana homa. Wataka ushahidi gani tena?"

Wakiwa bado wanazozana, Everline akapita na ndoo. Everline ni jirani yao, anafundisha sayansi shuleni. Akaitua ndoo.

"Shemeji Kaingu, mto ulipofurika uliacha tope wapi?"

"Kule chini."

"Na huku juu?"

"Haukufika."

"Sasa umejuaje kama kilichokuza mahindi ni dawa, si tope?"

Kaingu akajikuna kichwa. Everline akamweleza polepole. "Chukua kipande kimoja kitupu cha kule chini, penye tope lilelile. Kigawe nusu kwa nusu. Mbegu iwe moja, mpande siku moja, palizi iwe moja. Nusu itie dawa. Nusu usiitie, hiyo ndiyo ya kulinganishia. Tofauti iwe dawa peke yake."

"Na mbuzi habanduki hapa mpaka tuone," Zipporah akasema, akafungua kamba.

Chupani ilikuwa imebaki dawa kidogo. Wakapanda, wakaitia upande mmoja, Zipporah akachomeka vijiti katikati. Siku ya palizi akamkuta mumewe anafuta jasho, kamaliza upande wa dawa, jembe liko begani, anarudi nyumbani. Upande wa pili hata jani hajang'oa.

"Wafanya nini wewe?"

"Naisaidia dawa kidogo."

"Hee! Kama ina nguvu, yataka msaada wa nini? Mwanamume huyu ataniua kwa presha! Rudi, palilia na huko!"

Akapalilia huku ananung'unika. Zipporah akasimama palepale mpaka magugu yakaisha.

Mahindi yalipobeba, pande zote mbili zilikuwa sawasawa. Kaingu alizunguka, akarudi, akazunguka tena, kama mtu aliyeangusha ufunguo.

"Kumbe ni tope," akasema.

"Mto umefanya kazi, chupa ikachukua sifa," Zipporah akamjibu. "Nawe ulitaka kuilipa chupa kwa maziwa ya mwanao!"

Wauzaji hawa, mwenzangu, hawakosi sokoni, na maneno yao ni matamu. Kaingu alipokwenda tena Garsen, yule wa dawa akamwita. "Mzee, kuna mtu kule Hola ametia hii, anavuna mpaka anachoka!"

"Na upande asiotia, amevuna nini?"

Muuzaji akageukia mteja mwingine.

Jioni Zipporah alichemsha maziwa, akamjazia Dzombo kikombe. Kaingu akachungulia sufuria.

"Na mimi je?"

"Wewe kunywa chai ya rangi. Leo wewe ndiwe upande usiotiwa."