Kisahani cha Spiriti Tupu

Stendi ilifurika watu, na dada wa maabara, blauzi yake ya njano imepigwa pasi ikanyooka, alikuwa amechutama kando ya mtaro aking'oa magugu. Fundi cherehani akasimama, futi ikining'inia shingoni.

"Dada, mbuzi wako yuko wapi?"

"Mbuzi wangu ni vijidudu, kaka. Nawatafutia sumu."

Fundi akacheka mpaka mate yakampalia. Akainama kumsaidia, mbegu za gugu lenyewe, kishona nguo, zikamganda suruali hadi magotini. Wakakaa kwenye benchi kubandua vimbegu kimoja kimoja, na mapenzi yakaanzia hapo.

Simu zikawa haziishi. Mchana mmoja dada akapiga.

"Mpenzi! Majani yetu yameua! Kisahani cha vijidudu cheupe pe, hakijabaki hata kimoja!"

"Hata vile vijidudu vya usaha?"

"Hivyo hivyo!"

"Lo! Mke wangu daktari! Nakushonea koti jeupe mwenyewe."

Fundi hakumwambia kwamba mama yake ana kisukari na kidonda mguuni. Alitaka kimpone kwanza, ndipo amshangaze mchumba. Akili gani hiyo, jamani! Akaanza kuponda kishona nguo na kumfunga mama kidonda. Hospitali wakaacha kwenda.

Kumbe dada aliloweka majani kwenye spiriti ili kukamua kemikali zake, na kwa pupa akaruka kisahani cha kulinganishia, kile cha spiriti tupu bila majani. Bosi wake akamwamuru arudie. Akarudia, na spiriti peke yake ikaua vilevile. Alipoikausha spiriti akabakiza majani, vijidudu vikastawi.

Je, alimwambia mpenzi wake? Thubutu! Kila akishika simu anaitwa "mke wangu daktari", haya zinamshika, anaanza kuongelea mvua.

Kisha ikaja simu nyingine.

"Mama wamemkata mguu."

"Mguu? Kwa nini?"

"Kidonda. Nilikuwa namwekea majani yako."

"Mungu wangu! Mbona hukuniambia?"

"Nawe uliniambia yanaua. Hujaniambia vingine."

"Nilijua hayaui," dada akasema, akilia. "Nilijua kitambo. Niliona aibu."

Simu ikakatika.

Miezi ikapita. Asubuhi moja fundi akaja maabara na mfuko.

"Koti lako. Kazi ya mtu siachi nusu."

Dada akalivaa. Fundi akamgeuza, akakagua mabega, akavuta pindo, kama anavyomfanyia mteja yeyote. Lilimkaa vizuri mno.

"Umenisamehe?"

"Mama amekusamehe. Anakuulizia kila siku."

"Na wewe?"

Fundi akakunja mfuko wake polepole.

"Mama hambebi mtu. Mimi ndiye ninayembeba mgongoni kila asubuhi kumpeleka chooni. Siku nikimbeba nisikukumbuke, nitakupigia."

Akatoka. Dada bado anafanya kazi na lile koti, na simu huiweka mfukoni.