Nywele za Mama Mkubwa

Jumamosi hiyo Fundi alifua, akamalizia pindo la sketi ya mteja, akakoroga uji. Jengo zima la ghorofa tatu lilimwita Fundi kwa sababu ya cherehani yake iliyonguruma kutwa, na hata kaka yake, mtu wa masihara, alishasahau kumwita dada. Hakukuwa na la ajabu siku ile. Jua lilikuwa kali, redio ya jirani ilikuwa juu, na Mama alikuwa amekataa kula.

Mama alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Ulianza na funguo, ukaja kwenye majina, na mwisho ukammeza binti yake mzima mzima. Miezi minane sasa alikuwa akimwita Fundi "nesi." Fundi alimwogesha, akamlisha, akampaka mafuta miguuni, na kila alipomaliza Mama alimwambia kwa adabu, "Asante, nesi. Mwanangu akija nitamwambia ulivyo mwema."

Fundi alikwenda kulilia jikoni. Alifungua bomba ili asisikike.

Mtu mmoja tu ndiye aliyebaki kichwani mwa Mama: dada yake. Kwa Fundi huyo ni mama mkubwa, ila hawakuwahi kuonana. Alifariki kabla Fundi hajazaliwa. Mama alimngoja dirishani kila alasiri. "Atakuja," alisema. "Tuliahidiana kuondoka pamoja." Na sasa ilikuwa siku ya tatu amegoma kuonja chochote mpaka dada afike.

"Usibishane naye," daktari alikuwa amemwambia Fundi. "Mfuate huko huko aliko."

Basi Fundi akafungua albamu ya picha. Mama mkubwa alikuwa amekaa studio, shingo imenyooka, nywele zimelazwa kwa mawimbi ya kizamani, yale yanayoteremka upande mmoja wa paji la uso na kuishia kwa mkunjo juu ya sikio. Uso ulikuwa wa Fundi mtupu. Zilikosekana nywele tu.

Alianza saa sita mchana kwenye meza ya jikoni, kioo amekiegemeza kwenye birika. Aliosha nywele zake, akazikausha, akazinyoosha kwa chanuo la moto, akazipaka jeli. Kisha fungu moja moja alilizungusha kidoleni mpaka likagusa ngozi ya kichwa, likalala kama konokono, akalibana kwa vibanio viwili. Mbele haikuwa kazi. Kisogoni mikono ilimchoka. Alipapasa bila kuona, akabana hovyo hovyo, akajicheka mwenyewe: anapima mabega ya watu wazima na kanzu zikawakaa, leo kisogo chake mwenyewe kimemshinda. Akafunga kitambaa, akangoja zikauke.

Saa tisa akazifungua na kuzipitisha brashi. Mawimbi ya mbele yalitoka yamekwenda upande kidogo, kazi ya mtu anayejifunza. Akashika kioo cha pili, akatazama nyuma.

Nyuma zilikuwa zimelala sawasawa, wimbi juu ya wimbi, kama zimetengenezwa na mtu aliyesimama mgongoni kwake.

Alijiambia ni bahati. Akachukua bakuli la uji, akaenda chumbani.

"Dada!" Mama aligeuka kutoka dirishani, akapiga makofi. "Umechelewa, jamani! Nimekungoja mpaka macho yameniuma."

Alikunywa uji wote. Akaomba mwingine. Alicheka huku ameziba mdomo kwa kiganja, kama msichana, na Fundi alimshikia kijiko kwa furaha. Kisha Mama akamvuta karibu, akanong'ona.

"Nina binti, dada. Wewe hukumwona. Anajua kushona, usiseme! Lakini siku hizi haji. Sijui nilimkosea nini."

Fundi alifungua mdomo aseme, Mama, ni mimi. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya kukwaruza, na haikuwa yake.

"Atakuja tukiwa tunaondoka."

Fundi aliziba mdomo kwa mikono miwili. Alikimbilia bafuni, akafungua maji, akaingiza kichwa chote chini ya bomba. Nywele zake zikigusa maji hujikunja papo hapo zikarudi zilivyozaliwa. Hizi hazikurudi. Alisugua kwa sabuni. Alisugua kwa kucha. Alipoinua kichwa kwenye kioo mawimbi yalikuwa pale pale, na yale ya mbele, yaliyokuwa yamekwenda upande, sasa yalikuwa yamekaa sawa.

Kutoka chumbani alimsikia Mama akiongea. Akanyamaza. Akacheka. Akanyamaza tena, kama mtu anayesikiliza.

Fundi alirudi taratibu. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Amevaa viatu. Kiti cha wageni kilikuwa kimevutwa mpaka magotini pake. Kilikuwa kitupu. Lakini mto wake ulikuwa umebonyea.

Mama aliinua macho. Yalikuwa maangavu, yametulia, macho ya zamani.

"Mwanangu," alisema.

Fundi alishika fremu ya mlango. "Unanijua, Mama?"

"Nisikujue, nina wazimu? Kitindamimba wangu huyu. Mbona umekonda hivi? Unakula kweli wewe?"

Fundi alianguka magotini, akaweka uso wake kwenye mapaja ya mama yake, akalia kilio cha miezi minane. Mama alimpapasa shavu. Mkono ulikuwa wa baridi. Fundi alidhani ni maji ya nywele. Kisha akaziona kucha. Zilikuwa zinageuka buluu. Moja baada ya nyingine.

"Mama, unasikia baridi?"

"Dada amenishika mkono huu mwingine," Mama alinong'ona. "Tunaondoka. Anasema nywele zako ndizo zilizomfungulia. Bila hizo asingeiona njia."

Mkono ule mwingine ulikuwa umenyooshwa kuelekea kwenye kiti, vidole vimefumbata hewa.

Pumzi ya Mama ikawa fupi. Ikawa fupi zaidi. Fundi alijua la kufanya. Alijua pia atakachokipoteza.

"Niite tena," alisema. "Mara moja tu, Mama."

"Mwanangu."

Alikwenda mbio kwenye cherehani, akarudi na mkasi wa vitambaa. Akakata. Wimbi la mbele. La pembeni. La kisogoni, bila kuona. Kiti kilikwaruza sakafu. Mama alipiga yowe. "Unamuumiza! Unamuumiza dada yangu!" Fundi hakuacha. Alikata huku analia, mpaka kichwa kikabaki mabaka matupu.

Kiti kikatulia.

Buluu iliondoka kwenye kucha. Mama alivuta pumzi ndefu. Alizitazama nywele zilizotapakaa sakafuni, kisha akamtazama mwanamke aliyeshika mkasi.

"Nesi," alisema kwa adabu, "mwanangu alikuwa hapa sasa hivi. Amekwenda wapi?"

Kaka mtu alifika saa kumi na moja, mkate kwapani. Alisimama mlangoni akikitazama kichwa cha dada yake, na kwa mara ya kwanza hakutania.

"Leo mna nini nyie? Na mgeni wenu naye kanyolewa ovyo hivyo hivyo. Nimepishana naye kwenye ngazi, analia, maskini. Nikamuuliza kama anataka msaada."

"Akasemaje?"

"Akasema tumwambie Mama atarudi zikiota."

Ngumi ya Mama, ile ya upande wa kiti, haikulegea mpaka usingizi ulipomchukua jioni. Ndani yake kulikuwa na kishungi cha nywele. Nywele za Fundi ni nyeusi ti. Hizi zilikuwa za kahawia, na zilikuwa na udongo. Kaka mtu alitaka kuzitupa, lakini Mama aliamka akalia kama mtoto aliyenyang'anywa ziwa, ikabidi wamrudishie.

Sasa Mama anakula vizuri. Anashukuru vizuri. Anamwita Fundi nesi, na kila alasiri anakaa dirishani.

Fundi alinyoa kichwa kwa wembe kila Jumamosi, wiki kumi na moja mfululizo. Na kila Jumamosi, Mama akishalala baada ya chakula cha mchana, alimfungua vidole na kukinyoosha kile kishungi kwenye futi ya kushonea. Mwanzoni kilikuwa inchi mbili.

Jumamosi iliyopita hakunyoa. Kaka yake alipouliza, alisema wembe umeisha makali. Kisha alikwenda kupima. Kilikuwa inchi nne na nusu, hakina udongo tena, na kilikuwa kimelowa, kama nywele zilizooshwa zikangoja kubanwa.