Picha Iliyogeuzwa Ukutani

Simba wa Katavi wamewahi kuningurumia usiku kucha, mimi nikageukia upande wa pili nikalala. Lakini haya yaliyomkuta rafiki yangu Mikidadi, muuza nguo wa Majengo, yananikosesha usingizi, na chumvi sijaongeza.

Mkewe, Hadia, alipofariki aliacha picha moja tu: ndogo, ya rangi za mafuta, amekaa chumbani kwenye kiti cha mbao, mtandio kichwani, anasoma kitabu, uso umetuelekea. Binti yao mdogo, Sauda, anaijua sura ya mama yake kwa picha hiyo.

Jioni ya kumsomea dua, shehe alisema kwa upole, "Mikidadi, hiyo picha igeuze kwanza, tusisome dua mbele ya sura." Akaigeuza, ikatazama ukuta.

Katikati ya dua umeme ukakatika. Wakaendelea kwa kichwa. Gizani ikasikika karatasi inafunuliwa, taratibu, kisha nyingine. Halafu kiti cha mbao kikalia, na wote walikuwa wamekaa mkekani.

"Nani anasoma gizani?" shehe akauliza.

"Labda ana macho ya paka," mmoja akatania.

Umeme uliporudi, watu waliondoka wakaiacha pilau. Sauda akamvuta baba yake kanzu. "Baba, mgeuze mama nimwone."

Mikidadi akaigeuza picha. Chumba ni kilekile, kiti ni kilekile. Hadia alikuwa amewapa kisogo, mtandio umemteleza mabegani, nywele zake zimesukwa twende kilioni.