Sufuria ya Tatu

Wazee wetu husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi Emmanuella, mwenye miaka kumi na miwili, nasema hivi: mkubwa asiyefunzwa na mtoto hufunzwa na sufuria. Nililiona hilo kwa macho yangu hapa Kasongo, siku ya harusi ya Yaya Pascaline, dada yangu mkubwa.

Kila Jumamosi kazi zangu ni zile zile. Nafagia uwanja, nachota maji, nawasha moto. Zamani niliwasha makala, makaa ya kupikia, kwa sashe, ile mifuko myembamba ya plastiki ambayo sokoni unapewa hata ukinunua nyanya mbili. Sashe inashika moto haraka kuliko kijiti. Lakini siku moja tone lake liliniangukia juu ya mkono, likaganda pale pale. Mama alipolibandua, ngozi ilitoka nalo. Kovu lipo mpaka leo, dogo na jeusi kama mbegu ya papai. Tangu hapo nawasha moto kwa makapi makavu ya mawese.

Jumamosi ya harusi, Tantine Apolline, dada yake Papa, alikuwa jikoni kabla ya jua. Katika mtaa wetu hakuna sherehe inayopikwa bila yeye. Wali wake haushikani, haukauki. Ukikaribia kuiva anaufunika kwa majani ya mgomba, anaweka kifuniko, kisha anapalia makala juu yake ili joto lishuke pole pole. Na ana sheria moja: sufuria iliyopaliwa haifunguliwi na mtu mwingine.

"Manuella, shuka bondeni," aliniambia. "Lete majani mapana. Sufuria ziko tatu, umesikia?"

"Ndiyo, Tantine."

Sikushuka bondeni. Binamu yangu Darlène alikuwa amekwisha kukaa na kitana, tayari kunisuka, na mimi niliogopa kukosa zamu. Nikakata majani machache nyuma ya nyumba, yaliyochanwa na upepo.

"Ni haya tu?" Tantine aliuliza.

"Bondeni haiko majani mazuri, Tantine."

Aliniangalia, akayapokea, akarudi kwenye moto wake. Uongo wangu ulipita laini kama mafuta.

Saa sita simu ya Papa ililia. Wakwe walikuwa wametoka Wamaza tangu jana, pikipiki sita katika matope, na sasa wamebakiza saa moja tu. Uwanja wote ukasimama. Watu wale hawajawahi kula kwetu. Wakwe wakila vibaya siku ya kwanza, bibi harusi ataisikia habari hiyo mpaka siku atakapokuwa na wajukuu. Yaya Pascaline alichungulia dirishani, poda usoni, macho yamejaa hofu.

"Tantine, muchele umeiva?"

"Rudi ndani, weye! Bibi harusi hapiki!"

Majani yangu yalitosha sufuria moja tu. Ndipo nilipomwona Tantine akichukua sashe nyeusi, akazipasua, akazitandaza juu ya wali wa sufuria ya pili, na ya tatu. Akaweka vifuniko.

"Darlène, ongeza makala juu. Mingi! Hatuna muda."

Nikashika kovu langu bila kujua.

"Tantine, sashe itayeyuka. Itaingia katika wali."

"Miaka mitatu ninafunika na sashe majani yakikosa. Nani amekufa?"

"Lakini Tantine, mimi iliniunguza..."

"Mutoto huyu anataka kunifundisha kupika!" alisema kwa sauti, na wanawake waliokuwa wakichambua sombe, majani ya muhogo, wakacheka. "Nenda ukapange viti, madame docteur!"

Kisha akaitwa ndani, kwa sababu nguo ya bibi harusi ilikuwa imepasuka mshono. Nami nikakimbia. Niliteremka bondeni mbio, nywele zangu zimesukwa upande mmoja, upande mwingine umesimama kama majani ya nanasi. Migomba ilinisubiri kule, imejaa majani mapana, mazima, yanang'aa. Nilikata mpaka mikono ikanata utomvu, nikapanda kilima nimeyabeba kichwani.

"Manuella, usiguse!" Darlène alininong'oneza. "Atakuua, na mimi atanizika pamoja nawe."

Nilishika kijiti, nikasukuma makala chini, nikafungua sufuria ya pili. Mvuke ulinipiga uso. Sashe ilikuwa bado nzima, lakini imelegea kama ngozi ya maziwa. Niliishika pembeni kwa vijiti viwili, nikaiinua taratibu, nikaitupa kando. Niliosha majani, nikafunika, nikarudisha kifuniko na makala. Nikageukia sufuria ya tatu.

Mkono ulinikamata.

"Umefungua sufuria yangu?"

Tantine hakupaza sauti, na hilo lilinitisha zaidi. Wanawake waliacha kucheka. Papa naye alikuja kutoka uwanjani, amevaa koti lake la harusi.

"Mvuke umetoka!" Tantine alisema. "Wali utabaki na kiini! Na haya majani yametoka wapi? Ulisema bondeni haiko kitu!"

Papa aliniamuru niombe msamaha.

"Papa, kwanza afungue ile ya tatu. Tafadhali. Aifungue sasa."

"Haifunguliwi," alisema Tantine, "mpaka wageni wakae. Na weye usimame pale pale, usisogee."

Nikasimama. Makala yalikuwa mekundu juu ya kifuniko. Nilihesabu pumzi zangu. Nilipofika mia mbili, tulisikia pikipiki. Watoto walipiga kelele barabarani, wanawake wakapiga vigelegele, na kila mtu akakimbilia wageni. Sisi watatu tulibaki jikoni: Tantine, Darlène na mimi.

Ndipo harufu ilipotufikia. Haikuwa harufu ya wali ulioshika chini. Ilikuwa kali, chungu, ya kukuna koo. Tantine alikunja pua. Aliyamwaga makala, akafungua.

Sashe haikuwepo tena. Palikuwa na nyuzi nyeusi zilizojikunja juu ya wali, na matone meusi yaliyozama kati ya punje. Tantine aliingiza mwiko, akajaribu kukwangua tabaka la juu. Chini yake palikuwa na nyuzi nyingine.

"Tutoe juu tu, Tantine," Darlène alisema kwa sauti ndogo. "Chini hawataona."

Tantine alimtazama, kisha akautazama mlango ambao wakwe walikuwa wakiingilia. Nilifikiri atakubali. Lakini alichukua kifuniko, akafunika.

"Sumu haihitaji kuonekana ili iingie tumboni. Hii haiendi kwa mutu, wala kwa kuku. Manuella, fungua ya pili."

Nilifungua. Wali ulikuwa mweupe, punje moja moja, unanukia majani mabichi.

Mengine yalikwenda mbio. Tantine aliweka maji ya bugali, wanawake wakachekecha unga wa muhogo, Mama akapika sombe nyingine. Wageni wakala wali wa sufuria mbili, wakala na bugali, na mjomba wa bwana harusi akaomba aongezewe mara ya tatu. Tulipotaka kuwafungia chakula cha usiku, Darlène alinyoosha mkono kwenye sashe. Tantine alimpiga kofi dogo la vidole, akamwonyesha majani yangu yaliyobaki.

Jioni wageni walipopumzika, Tantine alileta sufuria ya tatu mbele ya familia yote, akaifungua.

"Angalieni," alisema. "Miaka mitatu nimesema nani amekufa. Sijui nimewalisha nini watu miaka hiyo, kwa sababu sikuchungulia. Jani likiungua linakuwa majivu, linarudi shambani. Sashe ikiungua inarudi kwetu: katika wali, katika kifua cha anayewasha moto, katika maji ya chemchemi mvua ikiisukuma. Kuanzia leo, anayekwenda sokoni aende na kikapu. Na jikoni kwangu sashe haiingii tena."

Papa alikohoa.

"Umesema kweli, dada yangu. Lakini mutoto hafungui sufuria ya mukubwa. Manuella, Tantine ni mama yako. Uombe musamaha."

Nilisimama. Wote walinitazama, hata Yaya Pascaline katika nguo yake nyeupe.

"Tantine, nilikudanganya. Sikufika bondeni asubuhi. Nilitaka kusukwa. Kama ningeleta majani, usingegusa sashe. Kwa hilo, nisamehe."

Tantine aliinamisha kichwa, akakubali.

"Na kwa sufuria?" Papa aliuliza.

Nilizitazama zile nyuzi nyeusi.

"Kwa sufuria, Papa, siombi."